Nyonga Mbovu Ina Bei, Ila Si Kila Mahali Inalipwa

Oktoba 2025 kampuni ya Johnson & Johnson ya Marekani ilitangaza kuwa inakusudia kuitenga biashara yake ya vifaa vya mifupa ili ijitegemee kwa jina la DePuy Synthes. Mauzo ya biashara hiyo kwa mwaka 2024 yalikuwa karibu Dola bilioni 9.2. Habari ya aina hii wenye hisa huipima kwa swali moja, nalo ni kitakachobaki mkononi mwao baada ya mgawanyo. Wiki hii ukurasa huu unageuza daftari na kutazama upande wa pili: mtu aliyewekewa mwilini kifaa kibovu anaweza kumdai nani, kiasi gani, na kwa sheria ya nchi gani.

Jina la DePuy linafaa kuwa mfano kwa sababu madai yake makubwa yameshapita mahakamani katika nchi kadhaa na hesabu zake zinajulikana.

Johnson & Johnson iliinunua DePuy mwaka 1998 kwa Dola bilioni 3.5. Mwaka 2003 DePuy ilianza kuuza nje ya Marekani nyonga bandia iliyoitwa ASR, na mwaka 2005 aina moja ya nyonga hiyo ikaruhusiwa kuingia katika soko la Marekani. Ilikuwa nyonga ya chuma juu ya chuma, kichwa na kikombe vyote vya mchanganyiko wa kobalti na kromiamu, na ililengwa kwa watu ambao bado wana nguvu na shughuli nyingi. Kikombe chake kilikuwa na kina kifupi. Kichwa kikawa kinasugua ukingo, chembechembe za chuma zikaingia katika nyama na damu, na wagonjwa wengi wakapata maumivu, uvimbe na nyama kufa kuzunguka nyonga. Dawa yake ni moja tu: kupasuliwa tena, kuitoa na kuweka nyingine.

Waliotoa ishara ya kwanza ni makarani wa takwimu. Australia ina rejesta ya taifa ambamo viungo bandia vinavyowekwa nchini humo huandikwa, na vikitolewa pia huandikwa. Kufikia mwaka 2007 rejesta hiyo ilikuwa inaonyesha kuwa ASR inarudiwa kupasuliwa kuliko nyonga nyingine. Desemba 2009 ikaondolewa katika soko la Australia. Kwingineko iliendelea kuuzwa hadi Agosti 24, 2010, pale takwimu za rejesta ya Uingereza na Wales zilipoonyesha kuwa kati ya wagonjwa 100 waliowekewa nyonga nzima ya aina hiyo, 13 walihitaji kurudiwa ndani ya miaka mitano. Siku hiyo DePuy ikaiondoa duniani kote. Zilikuwa zimekwisha kuwekwa karibu 93,000.

Kutoka Desemba hadi Agosti ni miezi minane. Kwa mfanyabiashara hiyo ni karibu robo tatu za mwaka wa mauzo. Kwa mgonjwa aliyepasuliwa katika miezi hiyo nje ya Australia, ni swali ambalo wakili yeyote mzuri angeanza nalo.

Hatua ya kwanza haikuwa mahakamani. Kampuni ilijitolea kulipa gharama za vipimo na za upasuaji wa marudio. Ahadi ya namna hii si ya kudharauliwa, maana inampeleka mgonjwa hospitali bila kungoja hakimu. Lakini kulipiwa gharama na kulipwa fidia ni vitu viwili. Gharama ni bili ya hospitali. Fidia ni mshahara uliopotea, maumivu, mguu uliobaki mfupi, kazi iliyoachwa. Karatasi ya kupokea la kwanza inaweza kuwa na mstari unaofuta la pili, na kampuni inapotoa fomu mara nyingi huomba pia ruhusa ya kuchukua kumbukumbu za mgonjwa, na pengine kifaa chenyewe kilichotolewa. Kifaa hicho ndicho shahidi mkuu. Ukimkabidhi mdaiwa shahidi wako, umebaki na maneno matupu.

Kesi mbili za kwanza kusikilizwa Marekani zilitoa majibu mawili tofauti. Machi 2013, Los Angeles, juri iliona kuwa nyonga ile iliundwa vibaya na ikampa mlalamikaji Dola milioni 8.3. Katika kesi hiyo ulitolewa waraka wa ndani wa kampuni wa mwaka 2011 uliokadiria kuwa karibu asilimia 40 ya nyonga hizo zingeharibika ndani ya miaka mitano. Mwezi uliofuata, Chicago, juri nyingine ikasikiliza kesi juu ya nyonga hiyo hiyo na ikaipa kampuni ushindi. Chuma ni kile kile, kampuni ni ile ile, majibu mbalimbali. Msomaji anayecheza na hisa anajua maana yake: pande zote mbili zilikuwa zimeshika kitu chenye bei isiyotabirika, na mali ya namna hiyo hutafutiwa mnunuzi mapema.

Mnunuzi alipatikana Novemba 2013. Johnson & Johnson ilikubali kulipa karibu Dola bilioni 2.5 kumaliza madai ya Wamarekani wapatao 8,000 waliokuwa wamekwisha kupasuliwa tena. Malipo ya msingi yalikuwa kiasi cha Dola 250,000 kwa mtu, na nyongeza kwa waliopata madhara makubwa zaidi. Kutoka humo alichukua wakili, ambaye katika kesi za aina hii Marekani hulipwa kwa fungu la ushindi, kwa kawaida theluthi moja au zaidi. Mwaka 2015 wengine wapatao 1,400 wakaongezwa katika mpango huo.

Dola bilioni 2.5 zinatisha zikiandikwa peke yake. Ziweke kando ya vitabu vya mwaka ule ule. Mauzo ya Johnson & Johnson mwaka 2013 yalikuwa Dola bilioni 71.3, na faida baada ya kodi Dola bilioni 13.8. Suluhu nzima ni faida ya miezi miwili na siku chache. Ndiyo sababu soko halikuanguka. Kwa lugha ya wahasibu, deni lililokuwa halijulikani lilipata tarakimu, na soko huogopa zaidi deni lisilo na tarakimu kuliko deni kubwa. Sisemi kuwa hili ni jema. Nasema ndivyo mgonjwa anavyosomwa upande wa pili wa meza, na anayeingia katika mazungumzo ya fidia bila kujua hilo anaingia gizani.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo naliona kuwa kiini cha suala hili, na ambalo halisemwi vya kutosha hata Marekani kwenyewe.

Sheria ya vifaa tiba ya Marekani ya mwaka 1976 iliweka milango miwili mikuu ya kuingilia sokoni. Mlango wa kwanza ni mwembamba: kampuni inapeleka serikalini majaribio na ushahidi kamili kwamba kifaa ni salama na kinafanya kazi, ndipo kinaidhinishwa. Mlango wa pili ni mpana: kampuni inaonyesha tu kwamba kifaa chake kinafanana na kingine ambacho tayari kiko sokoni. ASR iliingia Marekani kwa mlango wa pili.

Mwaka 1996 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kesi dhidi ya kampuni ya Medtronic juu ya waya wa kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo, uliokuwa umepita mlango mpana. Mahakama ikasema kufanana na kifaa kingine si uthibitisho wa usalama, kwa hiyo mgonjwa anaweza kushitaki kwa sheria za jimbo lake. Mwaka 2008 ikaja kesi nyingine, tena dhidi ya Medtronic, safari hii juu ya puto la kuzibua mishipa ya moyo lililopasuka wakati wa tiba mwaka 1996. Puto hilo lilikuwa limepita mlango mwembamba. Majaji wanane kwa mmoja wakasema serikali kuu ikishaidhinisha kifaa kwa uchunguzi kamili, juri ya jimbo haiwezi kuja nyuma na kusema kilipaswa kuundwa vingine. Aliyepinga ni Jaji Ruth Bader Ginsburg peke yake.

Tafsiri yake kwa lugha ya sokoni ni hii: kifaa kilichochunguzwa kidogo kinamwachia mgonjwa haki kubwa ya kudai, na kifaa kilichochunguzwa sana kinampunguzia haki hiyo hadi nafasi ndogo, kwa mfano akionyesha kuwa kampuni ilikiuka masharti ya kibali chenyewe. Wagonjwa 8,000 wa ASR walilipwa kwa sehemu fulani kwa kuwa nyonga yao iliruhusiwa kirahisi. Ingepita mlango mwembamba, wengi wao huenda wangeishia kwenye pingamizi la awali. Mgonjwa yuko mezani, amelala, hajui kifaa kimepita mlango upi, na hakuna anayemwambia kwamba mlango huo umeshaamua kama ana kesi au hana. Naona ni mpango mbovu. Kibali cha serikali kinapaswa kuwa kinga ya mgonjwa, si ya muuzaji.

Kesi ile ya puto ina funzo jingine. Daktari alikuwa amelijaza puto hadi shinikizo la 10 wakati maandishi ya kiwanda yaliweka kikomo cha 8. Hapo ndipo kila kampuni hupenda kusimama: kifaa ni kizima, mkono ndio uliokosea. DePuy nayo ilipoulizwa juu ya ASR ilielekeza kidole kwa madaktari waliopachika kikombe kwa pembe isiyofaa. Mlalamikaji anayemshitaki mmoja tu anaacha kiti kitupu mahakamani, na aliyeshitakiwa atatumia kila siku ya kesi kukionyesha kiti hicho. Ndiyo maana mawakili wazoefu huwaita wote wawili, daktari na kiwanda, hata pale wanapoamini kuwa daktari hana kosa. Kwa daktari mwema hilo ni chungu. Kwa mgonjwa ni lazima.

India ilipatwa na nyonga ile ile, na habari za huko zinatuhusu zaidi kuliko za Los Angeles, maana Watanzania na Wakenya wengi wanaotafuta upasuaji mkubwa nje ya nchi hupelekwa India.

Huko ASR ziliwekwa kwa watu wapatao 4,700. Tahadhari ya mamlaka ya dawa ya serikali kuu ilitolewa mwishoni mwa 2013, zaidi ya miaka mitatu baada ya nyonga kuondolewa sokoni duniani. Kamati ya wataalamu iliundwa 2017, na mwaka uliofuata ikapendekeza kila aliyeathirika alipwe si chini ya rupia milioni 2. Novemba 2018 serikali ikapitisha kanuni ya kukokotoa fidia kati ya rupia milioni 3 na milioni 12.3, kulingana na umri na kiwango cha ulemavu. Kampuni ikapinga katika Mahakama Kuu ya Delhi. Mwaka 2019 ikakubali mahakamani kuwalipa watu 67 waliokwisha kupasuliwa tena rupia milioni 2.5 kila mmoja, bila kukiri kuwa inawajibika kwa kanuni ile.

Rupia milioni 2.5 kwa bei ya fedha ya mwaka huo ni kama Dola 36,000. Mmarekani alipata 250,000. Nyonga ni ile ile, imetoka kampuni ile ile, na maumivu hayana uraia, lakini mmoja analipwa karibu sehemu ya saba ya mwenzake, tena baada ya miaka tisa. Watetezi wa kampuni watasema gharama za maisha ni tofauti. Sawa. Lakini bei ya kifaa haikugawanywa kwa saba ilipouzwa.

Jambo lililoniuma zaidi katika habari ya India si tofauti ya fedha. Kati ya wale 4,700, zaidi ya 3,000 hawakupatikana. Hakukuwa na rejesta kama ya Australia. Hospitali zilikuwa na majina bila anwani, au anwani bila namba ya kifaa. Watu hao wanatembea na nyonga iliyokwisha kukataliwa duniani na pengine hawajui. Australia, yenye rejesta, madai ya pamoja yalimalizwa mwaka 2016 kwa Dola za Australia milioni 250 kwa ajili ya watu wapatao 1,700.

Tuseme basi mgonjwa ni wa kwetu. Amepasuliwa India, amerudi Dar es Salaam, na baada ya mwaka nyonga inauma. Wengi hufikiri njia ya fedha ni kwenda kushitaki Marekani, kwenye juri zenye mkono mrefu. Njia hiyo ni nyembamba sana. Tangu hukumu ya mwaka 1981 katika kesi ya Piper Aircraft, iliyohusu ndege iliyoanguka Scotland, mahakama za Marekani zimekuwa na uhuru mpana wa kumrudisha mlalamikaji wa nje akaishitaki kampuni kule jambo lilikotokea. Anayekuuzia matumaini ya Dola milioni 8 kwa kesi ya mgonjwa wa Tabata au Likoni mwulize kwanza kuhusu hukumu hiyo.

India yenyewe ni njia bora kuliko inavyodhaniwa. Mwaka 1995 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kuwa mgonjwa anayelipia tiba ni mlaji kama mlaji mwingine, na anaweza kwenda kwenye tume za walaji badala ya mahakama za kawaida zenye foleni. Sheria ya sasa ya walaji ya India, ya mwaka 2019, inataja pia dhima ya mtengenezaji na muuzaji wa bidhaa yenye kasoro. Muda ni miaka miwili tangu sababu ya madai ilipotokea, ingawa tume inaweza kuuongeza ikipewa maelezo ya kuridhisha. Mwaka 2013 mahakama hiyo hiyo iliagiza hospitali moja ya Kolkata na madaktari walipe zaidi ya rupia milioni 59 kwa familia iliyokuwa ikiishi Marekani, katika kesi ya uzembe wa tiba. Kwa hiyo kuishi nje ya India peke yake si kikwazo. Kikwazo ni nauli, wakili na stakabadhi.

Kama alipasuliwa hapa hapa, milango ni michache lakini ipo. Anaweza kudai uzembe. Tangu kesi maarufu ya konokono ndani ya chupa ya kinywaji, iliyoamuliwa London mwaka 1932, sheria ya asili ya Kiingereza tuliyoirithi inamtambua mlaji wa mwisho hata kama hakununua bidhaa moja kwa moja kiwandani. Tatizo ni kwamba uzembe unapaswa kuthibitishwa, na kiwanda kiko maili elfu kadhaa na mafaili yake. Anaweza kusimama juu ya sheria ya mauzo ya bidhaa, inayotaka kilichouzwa kifae kwa kazi iliyonunuliwa, lakini hapo atalazimika kuonyesha kuwa alinunua, na kwa nani. Je, ni hospitali iliyomwuzia nyonga au ilimpa huduma tu? Kama bili inasema "upasuaji" kwa jumla, jibu ni gumu. Kama inasema "nyonga moja" na bei yake pembeni, jibu ni jepesi zaidi. Mtu asiwaonee haya watu wa ofisi ya fedha: aombe bili iliyochambuliwa.

Malalamiko kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, au kwa Baraza la Madaktari hayaleti fidia. Lakini yanaacha karatasi yenye tarehe na mhuri, na mlalamikaji wa pili na wa tatu wakija na kifaa hicho hicho, kinachoonekana ni mtindo, si bahati mbaya ya mtu mmoja.

Saa nayo inakimbia. Tanzania Bara madai ya madhara ya aina hii hufunguliwa ndani ya miaka 3, ya mkataba ndani ya miaka 6. Waziri wa sheria anaweza kuongeza muda usiozidi nusu, kwa sababu maalumu. Kenya nayo inatoa miaka 3 kwa uzembe, ila sheria yake ina kifungu kinachomruhusu mtu ambaye hakuwa na njia ya kujua ukweli kuomba mahakama imruhusu nje ya muda. Kifungu hicho ni cha maana sana kwa vifaa vya mwilini, ambavyo huanza kudhuru kimya kimya. ASR nyingi ziliharibika mwaka wa nne na wa tano. Ukihesabu miaka 3 tangu siku ya kisu, kesi imekufa kabla maumivu hayajaanza. Tanzania ingefanya vyema kuandika kwa maneno wazi kwamba, kwa kifaa kilichowekwa mwilini, saa inaanza siku mgonjwa alipojua au alipopaswa kujua.

Kila nilichoandika hapo juu hakina thamani kama mgonjwa hajui amewekewa nini. Kifaa cha kupandikizwa kwa kawaida huja kiwandani na stika zenye jina la mtengenezaji, aina, na namba ya toleo. Kazi ya stika hizo ni kubandikwa: moja kwenye faili la hospitali, nyingine apewe mgonjwa. Marekani iliweka kanuni mwaka 2013 kuwa vifaa tiba viwe na namba ya utambulisho ya pekee. Kwetu si ajabu mgonjwa kutoka hospitali na picha ya eksirei na maneno "umewekewa chuma". Chuma gani? Mdaiwa hana jina. Ni sawa na kushika hundi isiyoandikwa benki.

Kuna pia hatari ya kumshinda mdaiwa aliyekufa. Kampuni ya PIP ya Ufaransa iliuza duniani matiti bandia yaliyojazwa silikoni isiyo ya kitabibu. Ilipogunduliwa Machi 2010 iliingia katika ufilisi, na mwenye kampuni, Jean-Claude Mas, akahukumiwa kifungo mwaka 2013. Kifungo hakilipi bili. Wanawake wakalazimika kuigeukia TÜV Rheinland ya Ujerumani, iliyokuwa imetoa cheti cha ubora, na kesi zikachukua miaka mingi katika mahakama za Ufaransa. Dow Corning nayo, kwa matiti ya silikoni, iliomba hifadhi ya ufilisi Mei 1995, na mpango wa malipo haukuanza kutekelezwa hadi 2004. Johnson & Johnson yenyewe, katika madai ya poda ya watoto, ilijaribu mara tatu kuanzia 2021 kuyahamishia madai kwenye kampuni ndogo na kuifilisi. Mara zote tatu mahakama ilikataa, mara ya mwisho Machi 2025. Ndiyo maana habari ya mgawanyo niliyoanza nayo si ya wenye hisa peke yao. Kampuni inapogawanyika, mahali fulani katika nyaraka huandikwa nani amebeba madeni ya zamani na kwa mtaji gani.

Kwa soko letu, mdaiwa anayefikika ni mwagizaji. Ana leseni, ana ofisi, ana akaunti ya benki hapa mjini. Ulaya iliamua jambo hili mwaka 1985: anayeingiza bidhaa kutoka nje anahesabiwa kama ndiye mtengenezaji, na aliyedhurika hahitaji kuthibitisha uzembe, athibitishe kasoro na madhara tu. Mwagizaji akilipa, ni juu yake kumfuata kiwanda. Sheria mpya ya Ulaya ya mwaka 2024 imebakiza dhima ya mwagizaji na, kwa madhara yanayochelewa kujitokeza, imerefusha ukomo kutoka miaka 10 hadi 25.

Najua waagizaji wa vifaa tiba watasema hilo litapandisha bei. Litapandisha, kwa kiasi cha bima. Nami nawajibu kwa hesabu ya biashara. Leo mwagizaji makini anayenunua kutoka kiwanda chenye jina anashindana kwenye zabuni na mwenzake anayeleta mzigo wa bei poa usiojulikana ulikotoka, na wote wawili wanabeba hatari sawa, yaani hakuna. Dhima ikiwekwa, kampuni ya bima itauliza kifaa kimetoka wapi, kina rekodi gani katika rejesta ya Australia na ya Uingereza, na kitatoza kwa mujibu wa majibu. Mwagizaji makini atapata bima nafuu. Yule mwingine atakosa bima, na bila bima asipewe leseni ya kuingiza kifaa kinachobaki mwilini mwa mtu.

Mahali pa kuanzia ni kwenye zabuni zenyewe, bila kungoja Bunge. Hospitali ya umma inaweza kudai, kama sharti la zabuni, barua ya dhamana kutoka kiwandani inayotaja sheria na mahakama ya hapa, cheti cha bima ya mwagizaji, na stika mbili kwa kila kifaa. Hospitali binafsi zinazotoza kwa Dola hazina udhuru wowote wa kutofanya hivyo kuanzia mwezi ujao.